Mtoa Santuri wa Kinshasa na Maswali Mawili

Mara nyingi tumesimulia katika kurasa hizi maisha ya mapadre, masista na makatekista waliotutangulia katika imani. Leo twasimulia habari za mtu wa namna nyingine. Alikuwa mpiga saksafoni, kisha akawa mtoa santuri, mwenye studio, mwenye jumba la ghorofa, na tajiri wa makundi mengi ya muziki mjini Kinshasa. Jina lake lilikuwa Georges Kiamuangana Mateta, lakini nchi nzima ilimjua kwa jina la Verckys. Alifariki dunia tarehe 13 Oktoba 2022, mwenye umri wa miaka 78.

Labda msomaji atauliza: Mambo ya baa na dansi yanahusu nini gazeti la Kanisa? Tena, sisi wa Mugunga tunaishi juu ya mawe meusi ya volkano, kando ya ziwa Kivu, karibu na Kigali na Kampala kuliko Kinshasa. Ya nini kuhangaika na matajiri wa huko mbali?

Twajibu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, mtu huyu aliliuliza Kanisa swali kubwa, naye aliliuliza kwa wimbo, hata likafika mahali ambapo barua haifiki. Sababu ya pili, kazi yake ilikuwa kununua na kuuza sauti za watu. Na katika kazi hiyo kuna swali jingine, ambalo Kanisa linamwuliza yeye na wote wenye kazi kama yake. Tukiyapima maswali hayo mawili, tutaona kwamba yanaingia hata katika kwaya zetu na katika mifuko yetu.

Wagiriki na sahani zao

Ili kumwelewa Verckys, hatuna budi kuanza kabla yake. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jéronimidis, alifungua mjini Léopoldville nyumba ya kunasa nyimbo, akaipa chapa ya Ngoma. Baada yake wakaja wengine: ndugu wa Benatar na chapa ya Opika, Mgiriki Basile Papadimitriou na chapa ya Loningisa mwaka 1950, na Dino Antonopoulos na chapa ya Esengo mwaka 1957. Wengi wao walikuwa wachuuzi wa nguo na vitu vya dukani. Waliona kwamba mtu anayenunua gramafoni atahitaji kitu cha kuweka juu yake, na kwamba watu wa Léopoldville wangependa kusikia lugha yao wenyewe ikiimbwa.

Kazi ilikwenda hivi. Mwanamuziki aliingia chumbani na gitaa lake, akaimba mbele ya mashine. Sauti ikanaswa, ikapelekwa Ulaya, na huko kiwanda kikaigandamiza katika sahani za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Kila upande ulichukua muda wa dakika 3 hivi. Sahani zikarudi kwa meli, zikauzwa Kongo nzima na hata ng'ambo ya mipaka yake.

Wimbo uliowapa wote moyo ulikuwa Marie-Louise, wa mwaka 1948, wa Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane. Wendo alikuwa fundi wa mashine katika merikebu za mto Kongo. Yasimuliwa kwamba wimbo ule ulipendwa mno hata uvumi ukaenea kuwa, ukipigwa usiku wa manane, huamsha wafu. Wamisionari wakakasirika, naye Wendo akalazimika kuondoka mjini kwa muda. Tunakumbusha kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba Kanisa na santuri walianza kutazamana kwa jicho baya tangu mwanzo.

Lakini jambo letu hasa ni fedha. Katika miaka ile, mara nyingi mwanamuziki alilipwa mara moja tu kwa wimbo wake, akaenda zake. Kama sahani ziliuzwa mia au ziliuzwa maelfu, hilo lilikuwa shauri la mwenye duka. Mashine ilikuwa yake, meli aliilipa yeye, hasara ikitokea ilimwangukia yeye. Mwanamuziki alikuwa na sauti tu. Na katika biashara ya dunia, mwenye sauti tu huondoka na sifa, na mwenye mashine huondoka na faida.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu, Joseph Kabasele alikwenda Brussels pamoja na kundi lake la African Jazz, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara. Huko ndiko walikonasa wimbo wao maarufu wa uhuru. Mwaka ule ule akaanzisha chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Basi Mkongo alikuwa ameshika sahani kwa mkono wake. Mlango ukafunguka, na wengine wakautazama mlango ule kwa hamu.

Mtoto wa Kisantu

Verckys alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, katika Kongo ya Chini. Kisantu ni jina linalojulikana katika historia ya Kanisa letu, maana ni misioni kongwe ya Mapadre Wajesuiti, na hapo Bruda Gillet alipanda bustani kubwa ya miti inayosifiwa hata leo. Lakini kijana huyu hakujifunza muziki katika kinanda cha Wajesuiti. Alijifunza katika bendi ya Wakimbangu, wale wafuasi wa Simon Kimbangu, ambao serikali ya Wabelgiji ililitambua dhehebu lao mwaka 1959 tu, baada ya kuwatesa kwa miaka mingi. Huko alipuliza filimbi, kisha klarineti, mwisho saksafoni. Jina la Verckys lilitokana na la Mmarekani King Curtis, mpiga saksafoni aliyempenda sana. Yasemwa kwamba masikio yalilisikia vibaya, nalo likabaki hivyo hivyo.

Mwaka 1963 aliingia katika OK Jazz, kundi la Luambo Makiadi, yaani Franco. Kwa miaka kama sita saksafoni yake ilisikika katika nyimbo nyingi za kundi hilo. Lakini Verckys hakutazama noti za muziki tu. Alitazama na noti za fedha. Aliona nani anayetia sahihi karatasi, nani anayelipa studio, nani anayehesabu sahani zinazorudi. Franco alipokuwa safarini Ulaya, Verckys akawachukua baadhi ya wenzake, akanasa nao nyimbo kwa siri na kuzitoa kwa faida yake. Mkubwa wake aliporudi, ugomvi ukazuka. Mwaka 1969 Verckys alikuwa ameondoka, ana kundi lake la Orchestre Vévé na chapa yake ya Vévé.

Hatutaki kumsifu kwa siri ile. Mtumishi anayefanya kazi ya kificho wakati bwana wake hayupo, amevunja uaminifu. Lakini tuseme pia yaliyo kweli: alitoka kwa sababu aliona kwamba katika kundi kubwa, jasho ni la wengi na hati ni ya mmoja. Kumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Tajiri wa vyombo

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya mavuno. Fedha mpya ya zaire, iliyoanza mwaka 1967, ilikuwa na nguvu: zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Shaba ilikuwa na bei nzuri. Vijana walimiminika Kinshasa. Sahani ndogo za kuzunguka mara 45 zilikuwa zimechukua mahali pa zile za zamani, na wimbo mmoja uligawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa ya kuchezesha watu.

Verckys alifahamu jambo moja kuliko wengi. Vijana wenye vipaji walikuwa wengi, lakini gitaa la umeme, ngoma za kizungu, vikuza sauti na vinasa sauti vilikuwa vitu vya bei kubwa. Kwa hiyo alinunua vyombo, akawapa vijana wavipige, akawanasa, akagharimia sahani, akaziuza. Kundi la Bella Bella la ndugu wawili Soki Vangu na Soki Dianzenza lilipita mikononi mwake. Lipua Lipua ya Nyboma Mwandido ilikuwa yake. Zaiko Langa Langa nao walitoa sahani kwa chapa ya Vévé. Mwaka 1981 alikuwa nyuma ya Langa Langa Stars. Watu wengi ambao majina yao yalikuja kuvuma Afrika nzima walianza kwa kupiga gitaa ambalo halikuwa lao.

Kisha akaweka faida yake katika vitu vya kudumu. Alijenga studio yake. Mwaka 1978 likafunguliwa Vévé Centre, jumba lake mjini Kinshasa. Baadaye akaingia hata katika kiwanda cha kugandamiza sahani, Izason. Basi tangu sauti inapotoka kinywani hadi sahani inapofika dukani, njia karibu yote ilikuwa yake.

Hapa yafaa tulinganishe. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni, mashamba, maduka na biashara zao, zitatiwa mikononi mwa raia. Wengi walipewa maduka waliyoyakuta yamejaa bidhaa, wakauza vilivyomo, wakaacha rafu tupu. Kiwanda cha sahani cha Mazadis alipewa Franco. Wasomaji wazee wanajua matokeo ya amri ile: baada ya miaka michache bidhaa zilikosekana, na serikali ikawaita tena baadhi ya wenyewe wa kwanza. Verckys alikuwa na chapa yake miaka minne kabla ya amri hiyo. Alijua kila kitu kinagharimu nini, kwa sababu alikwisha kukigharimia. Biashara haisimami kwa hati ya kupewa. Husimama kwa ujuzi wa kila siku.

Ndivyo Bwana Wetu alivyotufundisha katika mfano wa talanta. Mtumishi aliyezifukia talanta chini ya ardhi alikemewa. Kijana wa Kisantu hakufukia yake. Mkristu asione haya kumtaja mtu kama huyo mbele ya watoto wake, akisema: Tazama, kazi na akili zinaweza kujenga.

Swali la kwanza: lake kwetu

Mwaka 1972 Verckys alitoa wimbo uitwao Nakomitunaka, maana yake kwa Kiswahili, najiuliza. Aliuliza hivi, kwa maneno yetu sisi: Katika picha za kanisani, kwa nini malaika na watakatifu wote ni weupe, na shetani ndiye mweusi? Sisi weusi tulitoka wapi, na mahali petu mbele ya Mungu ni wapi?

Waamini wengi na wachungaji wao walichukizwa. Nao walikuwa na sababu ya kuchukizwa, maana wakati ulikuwa mbaya. Mwezi wa Oktoba 1971 nchi ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaïre. Mwanzoni mwa 1972 amri ikatoka kuacha majina ya Kikristu. Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipopinga, alifukuzwa katika nyumba yake, ikapewa vijana wa chama, naye akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Katika vita ile wimbo wa Verckys ulikuwa fimbo nzuri mkononi mwa watawala. Kila ulipopigwa, Kanisa lilionekana kama mgeni aliyekaa sana.

Lakini sisi twaandika baada ya miaka zaidi ya 50, na hasira imepoa. Basi tuseme wazi: fimbo ilikuwa mbaya, swali lilikuwa jema. Wazee wetu walifundishwa dini kwa picha kubwa zilizochorwa Ulaya, na katika picha hizo shetani alikuwa mweusi kweli. Mtoto hasomi maelezo, mtoto huona. Na swali jema laweza kutoka katika kinywa tusichokitazamia.

Tena, Kanisa halikulala. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen aliimbisha na vijana wake Missa Luba, Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu, nayo ikatolewa katika santuri na kuzunguka dunia nzima. Malula mwenyewe, tangu alipofanywa askofu mwaka 1959, alikuwa akitaka Kanisa la Kikongo katika nchi ya Kikongo. Mtu aliyefukuzwa kwa jina la uafrika ndiye aliyekuwa ameutafuta uafrika wa Kanisa kabla ya wote! Kazi yake ilizaa matunda tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilipokubali Misa kwa majimbo ya Zaïre, ile tunayoiadhimisha kwa kuwaita wahenga wetu na kumsifu Mungu kwa mwendo wa mwili. Kardinali alifariki mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1989.

Na watakatifu je? Tarehe 15 Agosti 1985, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Sista Anuarite kuwa mwenye heri, mjini Kinshasa, katika mji ule ule wa Verckys. Mwaka 1994 akafuata Isidori Bakanja, katekista wa skapulari. Na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, alitangazwa mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mji wetu.

Picha yake ilipoletwa, mtoto mmoja wa mafundisho aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba mtu huyu anafanana na kaka yake. Hatukuongeza neno. Jibu la Nakomitunaka lilikuwa limekuja. Lilichukua miaka 53.

Swali la pili: letu kwake

Sasa ni zamu yetu kuuliza. Sauti ilikuwa ya kijana, gitaa lilikuwa la tajiri. Faida ilikuwa ya nani?

Tumsikilize kwanza tajiri. Yeye hununua vyombo kabla ya wimbo hata mmoja kuuzwa. Hulipa studio, kiwanda, karatasi za sahani na wachuuzi. Katika sahani kumi, nyingi hazirudishi gharama. Mbili au tatu ndizo zinazobeba mzigo wa nyingine. Akigawa faida yote ya wimbo uliofaulu, atalipa kwa nini ule ulioshindwa? Maneno haya ni ya kweli, wala si ya mtu mwovu.

Lakini kijana naye ana maneno. Hesabu haioni yeye; huoneshwa tu. Vyombo anavyovipiga hukatwa katika malipo yake, na bado haviwi vyake. Ndugu wa Soki walitengana na Verckys mwaka 1973 baada ya ugomvi wa fedha. Wakatoka na jina lao, naye akakaa na vyombo vyake, akakusanya vijana wengine, na Lipua Lipua ikazaliwa. Waimbaji walipita, magitaa yalibaki. Baada ya miaka michache Nyboma naye akatoka, na hadithi ikaanza upya.

Hapa ndipo tulipowaomba mkumbuke. Mtu aliyemwacha Franco kwa sababu jasho lilikuwa la wengi na hati ya mmoja, sasa hati ilikuwa yake, na vijana wake walitoka mlangoni kama alivyotoka yeye. Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Mungu peke yake ajua hesabu zake, na vijana wengi walimshukuru mpaka mwisho kwa kuwafungulia mlango. Twasema kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja. Jéronimidis alikuwa Mgiriki, Verckys Mkongo. Ngozi ya mwenye mashine ilibadilika, lakini mahali pa mwimbaji katika chumba kile hapakubadilika sana.

Kanisa lina mafundisho juu ya jambo hili, wala si mapya. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliomzuilia mvunaji una sauti, na sauti hiyo humfikia Mungu. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuwa haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Mwenye njaa hukubali lolote. Na Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji, kwa sababu mtaji wenyewe ni matunda ya kazi. Gitaa ni kitu. Anayelipiga ni mwana wa Mungu.

Fedha nazo zilikuja kutoa somo lao. Bei ya shaba ilianguka baada ya mwaka 1974. Mwezi wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na akiba za watu zikawa karatasi. Kaseti zikaja: kila mwenye mashine mbili aliweza kunakili wimbo na kuuza, bila kumlipa mwimbaji wala tajiri. Mwaka 1991 na tena 1993 askari na watu walipora maduka na viwanda vya Kinshasa. Biashara ya sahani ikafa. Kilichobaki ni nyimbo. Mwaka 2014 chapa moja ya Ujerumani, Analog Africa, ilizitoa upya nyimbo za Orchestre Vévé, na watu wa Ulaya wasiojua Lingala wakazinunua. Mtaji wote uliyeyuka, lakini kazi ya pumzi na vidole vya watu ilidumu.

Kwetu Mugunga

Mwisho tutazame nyumbani. Miaka michache iliyopita kwaya moja tunayoijua ilikwenda mjini kunasa nyimbo zake. Wanakwaya walikuwa wamechanga franka kidogo kidogo, wengine kwa kuuza mkaa, wengine kwa kubeba mizigo. Mwenye chumba cha kunasia aliwapokea vizuri, akawanasa, akawapa sahani chache. Baada ya miezi nyimbo zao ziliuzwa sokoni na kando ya barabara ya Sake, na kwaya haikupata kitu. Walipokwenda kuuliza, waliulizwa: Karatasi yenu iko wapi? Hawakuwa na karatasi.

Wote tulimkasirikia mtu yule. Lakini kisa kina sehemu ya pili, nayo ni ngumu kuisimulia. Kwaya ile ile baadaye ilipata kinanda cha umeme kutoka kwa mfadhili. Vijana wa shirika la jirani wakaomba kukitumia katika arusi na misiba. Tukakaa, sisi viongozi, tukaamua: Wachukue, lakini nusu ya watakachopata iwe yetu, na hesabu tutaishika sisi. Vijana walikubali. Wangefanya nini? Baada ya miezi mitatu msichana mmoja, mpiga kinanda wao, alitujia na daftari. Alikuwa ameandika kila arusi, kila msiba, kila franka. Akauliza kwa heshima: Wazee, nusu hii ni ya kinanda, au ni ya kwamba hatuna kinanda?

Tulinyamaza. Naye alikuwa ameuliza swali ambalo wanamuziki wa Léopoldville wangeweza kuuliza mwaka 1948.

Siku ile tuliandika karatasi ya kwanza. Kinanda kinalipiwa umeme na matengenezo, na kiasi kidogo cha akiba ya kununulia kingine. Kinachobaki ni cha waliopiga. Daftari linakaa mezani, kila mtu alione. Tuliulizia pia sheria. Amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi wa wimbo maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake warithi wake wanalindwa bado. Tangu mwaka 2011 kuna chama cha watunzi kiitwacho SOCODA. Sheria haijilindi yenyewe, twajua. Lakini asiye na karatasi hata sheria njema haitamwona.

Kwa hiyo, wakristu wenzetu, kabla kwaya haijaingia chumba cha kunasia, iandike mambo manne: nani aliyetunga, nani aliyeimba, nani anayelipa gharama, na kila mmoja atapata nini nyimbo zikiuzwa. Sahihi ziwe mbili, nakala ziwe mbili. Na mwenye chombo, awe tajiri, awe kwaya, awe parokia, aweke daftari mahali pa wazi.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa mtu wa kazi ya forodha. Mwaka 2007 aliuawa hapa Goma kwa sababu alikataa kupokea fedha ili chakula kilichooza kipite na kuuziwa watu. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kijana aliyejua kwamba karatasi anayotia sahihi ina watu nyuma yake. Verckys aliuliza watakatifu wetu wako wapi. Mmoja wao alikuwa mezani, mbele ya hesabu, akikataa kuandika uongo.

Tumwombee marehemu Georges Kiamuangana Mateta, aliyefanya kazi sana na kuuliza vizuri. Na tujiombee sisi, ili tunapopata kinanda chetu, tusisahau tulivyokuwa tulipokuwa na sauti tu.